Mwanasesere kama Kigezo: Sanaa ya Wanasesere na Uhakiki wa Vigezo vya Urembo wa Mwanamke

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wasanii wa Ujerumani, Marekani na Australia walivyomtumia mwanasesere kuhakiki vigezo vya urembo wa mwanamke, na yanapima mchango wa uhakiki huo kwa watafiti na washauri wa sera wa Afrika Mashariki. Kazi zinazochanganuliwa ni za Hannah Höch, Todd Haynes, kikundi cha Barbie Liberation Organization, Tom Forsythe na Sonia Singh. Hoja kuu ni kwamba kazi hizi hazishambulii urembo wenyewe, bali zinafichua kwamba kigezo cha urembo ni uamuzi wa watu, uliopimwa, ukatengenezwa kiwandani na kuuzwa. Makala yanaonyesha pia kwamba soko lilipoujibu uhakiki huo kwa kuongeza wanasesere wa maumbo mengine, swali la msingi lilihamishwa: badala ya kuuliza kwa nini pawe na kigezo, jamii ilialikwa kuchagua kigezo kipi kifuatwe. Mwisho, makala yanapendekeza hatua katika istilahi, elimu, udhibiti wa vipodozi na sheria.

1. Utangulizi

Mwaka 1965 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa toleo la mwanasesere Barbie aliyevalia mavazi ya kulalia. Miongoni mwa vifaa vyake palikuwa na mizani ndogo ya bafuni ambayo haikuweza kusogea: ilikuwa imechapwa ratili 110, yaani takriban kilo 50. Palikuwa na kijitabu pia cha kupunguza uzito, na ushauri uliochapwa nyuma yake ulikuwa ni kutokula. Mizani ya kawaida humweleza mtu uzito alionao. Mizani ile ilimweleza mtoto uzito anaopaswa kuwa nao atakapokuwa mwanamke.

Mfano huu unaonyesha kwa nini mwanasesere amewavutia wasanii wanaohakiki vigezo vya urembo. Matangazo ya biashara, mashindano ya urembo na majarida ya mitindo hueneza vigezo hivyo kwa picha na maneno. Mwanasesere huvitia katika umbo linaloshikika na kumkabidhi mtoto, kabla mtoto huyo hajawa na uwezo wa kuhoji. Msanii anayemchukua mwanasesere yuleyule na kumbadilisha anakigusa kigezo chenyewe badala ya kuzungumza juu yake tu.

Katika taaluma ya Kiswahili mada hii imegusiwa zaidi kupitia fasihi: taswira ya mwanamke katika riwaya, ushairi, taarabu na methali. Sanaa ya vitu haijapewa nafasi kama hiyo. Makala haya yanajaribu kuziba sehemu ya pengo hilo. Uchanganuzi unaongozwa na dhana aliyoieleza Viktor Shklovsky mwaka 1917, kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni ili mtazamaji akione upya. Dhana hiyo inaitwa hapa ugenishaji.

2. Istilahi: mwanasesere, mdoli, bandia na kigezo

Kabla ya kuziangalia kazi zenyewe, inafaa kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kinayo, kwa kuwa yanabeba sehemu ya hoja.

Neno mwanasesere lina mwana ndani yake, na hivyo linadokeza kwamba kinachochezewa ni mtoto. Jina la zamani, mtoto wa bandia, linadokeza vivyo hivyo. Msingi wa majina haya ni mchezo ambao mtoto wa kike humpakata, humbembeleza na kumlaza "mwanawe". Katika mchezo huo msichana ndiye mama. Ndivyo ulivyo mchezo wa watoto wa vijijini katika ukanda huu wanaojitengenezea wanasesere kwa magunzi ya mahindi, migomba au matambara: gunzi likifungwa kitambaa na kubebwa mgongoni linatosha kuwa mtoto, na hakuna anayeuliza kiuno chake kina upana gani.

Neno mdoli, lililotoholewa kutoka Kiingereza, lina tabia nyingine. Katika matumizi ya Tanzania hutaja kitu cha kuchezea, na pia masanamu yanayovalishwa nguo mbele ya maduka. Upatanisho wa kisarufi unalitofautisha zaidi: wasemaji wengi husema midoli hii imevunjika, lakini husema wanasesere hawa wamevunjika. Mdoli huchukuliwa kuwa kitu, mwanasesere hupewa upatanisho wa viumbe wenye uhai. Kitu kilekile kinaweza kutazamwa kama bidhaa au kama mtu, na sanaa inayojadiliwa hapa inafanya kazi yake katika mpaka huo.

Neno bandia lina historia inayohusika moja kwa moja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaliorodhesha kama nomino yenye maana ya mwanasesere. Leo msemaji wa kawaida analijua kwa maana ya kitu kisicho halisi: noti bandia, dawa bandia, na katika uwanja wa urembo, nywele bandia, kope bandia na kucha bandia. Kwa mtu anayezikumbuka maana zote mbili, kumwambia mwanamke kwamba ana kope bandia ni kumwambia kwamba ana kope za mwanasesere.

Neno la mwisho ni kigezo. Limetokana na kitenzi kugeza, yaani kuiga au kufuatisha mfano, na maana yake ya msingi ni kielelezo cha kupimia na kuigia. Baadhi ya maandishi hutumia viwango vya urembo mahali pa vigezo vya urembo. Tofauti si ndogo. Kiwango ni daraja ambalo kitu hulifikia au hushindwa kulifikia. Ndiyo maana mashirika ya kukagua ubora wa bidhaa huitwa mashirika ya viwango, na bidhaa mbovu husemwa kuwa iko chini ya kiwango. Anayeandika viwango vya urembo anakubali, hata bila kukusudia, kwamba wako wanawake walio chini ya kiwango. Kigezo kinamkumbusha msomaji kwamba yupo aliyekikata na wapo wanaotakiwa kukifuatisha. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia kigezo.

3. Kutoka mtoto hadi mwanamke: historia ya kigezo

Barbie alizinduliwa katika maonyesho ya wanasesere na vitu vya kuchezea jijini New York tarehe 9 Machi 1959. Mwasisi wake, Ruth Handler, alikuwa amemwona nchini Uswisi mwanasesere wa Kijerumani aliyeitwa Bild Lilli, na akaichukua sura yake kwa karibu sana. Lilli alianza mwaka 1952 kama mhusika wa katuni katika gazeti la Bild, akatengenezwa kuwa mwanasesere mwaka 1955. Hakukusudiwa watoto hapo mwanzo. Aliuzwa kwa watu wazima, zaidi wanaume, katika maduka ya tumbaku na mahali pa aina hiyo, kama zawadi ya mzaha. Kwa hiyo mwili ambao baadaye uliwekwa mikononi mwa wasichana kote duniani ulichorwa kwanza kwa ajili ya macho ya wanaume. Mattel ilinunua haki za Lilli mwaka 1964.

Badiliko lililoletwa na Barbie ni kubwa kuliko umbo lake. Mwanasesere wa kitoto alimfanya msichana awe mama. Mwanasesere wa kike aliyekomaa alimfanya msichana awe mtu anayetazamia kufanana naye. Uhusiano uligeuka: mtoto hakuwa tena mlezi wa mwanasesere, mwanasesere ndiye aliyekuwa mfano wa mtoto. Istilahi ya Kiswahili yenye mwana ndani yake haikubadilika, na kwa hiyo inalificha geuko hilo. Anayesikia kwamba mtoto amenunuliwa mwanasesere hawezi kujua kutokana na neno lenyewe kama amenunuliwa mtoto wa kubeba au mwanamke wa kuiga.

Umbo hilo limepimwa kisayansi. Mwaka 1996 Kevin Norton na wenzake nchini Australia walichapisha utafiti uliokadiria wanasesere Barbie na Ken wangekuwaje kama wangekuzwa hadi kimo cha mtu mzima. Walikadiria kwamba uwezekano wa kumpata mwanamume mwenye umbo la Ken ni takriban 1 kati ya 50, ilhali uwezekano wa kumpata mwanamke mwenye umbo la Barbie ni chini ya 1 kati ya 100,000. Tofauti kati ya namba hizo mbili ina uzito kuliko namba yenyewe ya Barbie. Mvulana alipewa mfano ambao wanaume wengi wanaukaribia, msichana akapewa mfano ambao karibu hakuna mwanamke anayeufikia.

4. Mbinu za wasanii

4.1 Kukata na kuunganisha: Hannah Höch

Sanaa hii ilitangulia Barbie. Hannah Höch, mmoja wa wanawake wachache katika vuguvugu la Dada mjini Berlin, alionyesha wanasesere aliowatengeneza kwa vitambaa na shanga katika Maonyesho ya Kwanza ya Kimataifa ya Dada mwaka 1920. Katika miaka hiyohiyo alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya uchapishaji ya Ullstein, kwenye idara ya kazi za mikono, ambako alibuni ruwaza za tarizi na lesi kwa ajili ya wasomaji wa kike. Alikuwa, kwa maana halisi ya neno, mtengenezaji wa vigezo.

Ujuzi huo unaonekana katika picha yake ya mabandiko ya mwaka 1920 iitwayo Das schöne Mädchen, yaani msichana mzuri. Msichana huyo amevaa vazi la kuogelea, na mahali pa kichwa pamewekwa balbu ya umeme. Amezungukwa na nembo za kampuni ya magari ya BMW na vipande vya mashine. Höch aliyachukua majarida yaliyokuwa yakimweleza mwanamke wa Kijerumani namna ya kuwa wa kisasa, akayakata kwa mkasi uleule unaotumika kukatia nguo. Mtazamaji anamwona mwanamke aliyeunganishwa kwa vipuri kama gari.

4.2 Kuchonga mwili: Todd Haynes

Mwaka 1987 Todd Haynes, akishirikiana na Cynthia Schneider katika uandishi, alitengeneza filamu ya dakika 43 iitwayo Superstar: The Karen Carpenter Story. Inasimulia maisha ya mwimbaji wa Marekani Karen Carpenter, aliyefariki tarehe 4 Februari 1983 akiwa na umri wa miaka 32 kutokana na madhara ya anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula. Wahusika wake wakuu si waigizaji bali ni wanasesere wa aina ya Barbie.

Kadiri ugonjwa unavyomla Karen, Haynes anauchonga uso na mikono ya mwanasesere kwa kisu hadi mashavu yanabonyea. Mbinu hii inafanya kazi kwa sababu ya kile mtazamaji anachokijua tayari. Mwanasesere yule mwembamba, kabla hajaguswa na kisu, ndiye aliyekuwa mfano wa mwili mzuri. Kisu kinamfikisha pale ambapo mantiki ya mfano huo ingemfikisha mtu aliyejaribu kuufuata bila kukoma. Kinachoanza kama kichekesho, wanasesere wakizungumza na kula mezani, kinageuka maombolezo bila mtazamaji kuweza kusema ni wapi kimegeuka.

Filamu ilitumia nyimbo za Carpenter bila idhini. Kaka yake, Richard Carpenter, alichukua hatua za kisheria, na mwaka 1990 filamu iliondolewa katika usambazaji. Tangu wakati huo imefahamika zaidi kwa nakala zisizo rasmi.

4.3 Kubadilisha sauti: Barbie Liberation Organization

Mwaka 1992 Mattel ilitoa Barbie anayezungumza. Kila mwanasesere alikuwa na sentensi 4 zilizochaguliwa kutoka katika jumla ya 270, na moja kati ya hizo 270 ililalamika kwamba somo la hisabati ni gumu. Chama cha wanawake wasomi wa vyuo vikuu nchini Marekani kilipinga, na kampuni ikaiondoa sentensi hiyo mwaka huohuo.

Mwaka uliofuata, katika majira ya Krismasi, kikundi cha wasanii kilichojiita Barbie Liberation Organization kilinunua wanasesere wa Barbie pamoja na sanamu za askari ziitwazo G.I. Joe, kikabadilishana visanduku vyao vya sauti, kisha kikawarudisha kwenye rafu za maduka. Kwa maelezo ya kikundi chenyewe waliobadilishwa walikuwa takriban 300. Mtoto aliyefungua zawadi yake alimsikia Barbie akinguruma habari za kisasi vitani, na askari mwenye misuli akialika rafiki zake waende kununua nguo.

Hapa mwili haukuguswa. Kilichobadilishwa ni usemi, na mabadiliko hayo yalitosha kuonyesha kwamba umbo la mrembo huja na maneno yake na mipaka yake ya mambo ya kuzungumzia. Kwa mtafiti wa lugha kazi hii ina thamani ya pekee: inathibitisha kwamba kigezo cha urembo ni cha mwili na cha usemi pia.

4.4 Kuhamisha mahali: Tom Forsythe

Mwaka 1997 mpigapicha Tom Forsythe wa jimbo la Utah alitengeneza mfululizo wa picha 78 aliouita Food Chain Barbie. Katika picha hizo Barbie, mara nyingi akiwa uchi, amewekwa jikoni na kutishiwa na vyombo vya umeme. Picha moja inaonyesha vichwa vya Barbie ndani ya chungu cha kuyeyushia jibini. Nyingine inaonyesha Barbie wanne waliofungwa ndani ya chapati za mahindi za Kimeksiko na kumwagiwa mchuzi, wakiwa ndani ya oveni iliyowashwa. Katika zote Barbie anaendelea kutabasamu, kwa kuwa kiwandani hakupewa uso mwingine.

Mattel ilimshtaki mwaka 1999 kwa madai ya kukiuka hakimiliki na alama ya biashara. Forsythe aliieleza mahakama kwamba alimchagua Barbie kwa sababu ndiye bidhaa iliyodumu kuliko zote katika kulisha wasiwasi wa jamii inayoabudu urembo na ukamilifu. Mapato yake yote kutokana na picha hizo yalikuwa dola 3,659, na nusu au zaidi ya mauzo yalifanywa kwa wachunguzi wa Mattel wenyewe. Tarehe 29 Desemba 2003 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Kanda ya Tisa, iliamua kwamba kazi hiyo ni kejeli yenye lengo la kuhakiki, na kwamba sheria inailinda. Mwaka 2004 Mattel iliamriwa kulipa gharama za utetezi zaidi ya dola milioni 1.8.

Hukumu hiyo ina maana pana kuliko kesi yenyewe. Mahakama ilitambua kwamba Barbie amekuwa ishara ya kitamaduni, na kwamba mtu anayetaka kuihakiki ishara hana budi kuitumia.

4.5 Kufuta rangi: Sonia Singh

Mfano wa mwisho ni wa utulivu. Mwaka 2015 Sonia Singh wa Tasmania, Australia, aliwakusanya wanasesere wa Bratz waliotupwa au kuuzwa kama mitumba. Wanasesere hao, waliotolewa sokoni tangu mwaka 2001, wanajulikana kwa midomo minene iliyopakwa rangi na macho yenye wanja mzito. Singh aliufuta uso wa kiwandani kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha na mafuta ya mkaratusi, akachora macho na midomo ya mtoto wa kawaida. Mama yake aliwafumia sweta na sketi. Kisha waliwapiga picha nje, kwenye miti na majani.

Forsythe na Haynes walikizidisha kigezo hadi kikajifichua, Singh alikipunguza. Uso uliodhaniwa kuwa sehemu ya mwanasesere uligundulika kuwa ni rangi iliyopakwa juu yake. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Tofauti ni kwamba katika kazi ya Singh, baada ya rangi kutoka, kilichobaki ndicho watazamaji walichokipenda.

5. Rangi ya ngozi

Mifano iliyotangulia inahusu zaidi umbo. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hoja haikamiliki bila rangi ya ngozi, na hapa pia mwanasesere alitumika mapema kama chombo cha ushahidi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark wa Marekani waliwaonyesha watoto weusi wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza ni yupi mzuri na ni yupi wangependa kucheza naye. Katika matokeo yao ya mwaka 1947, yaliyohusu watoto 253 wa miaka 3 hadi 7, takriban theluthi mbili walimchagua mwanasesere mweupe kuwa wa kucheza naye. Kazi ya Clark ilitajwa katika hukumu ya mwaka 1954 ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliyobatilisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma.

Msanii wa ukanda huu aliyeishughulikia mada hii kwa mbinu inayokaribiana na ya wanasesere ni Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972. Mwaka 2006 alitoa mfululizo wa picha 12 za mabandiko juu ya michoro ya zamani ya kitabibu inayoonyesha uvimbe wa mfuko wa uzazi. Juu ya michoro hiyo alibandika macho, midomo na ngozi zilizokatwa kutoka katika majarida, hadi zikawa nyuso za wanawake. Mbinu ni ileile ya Höch, lakini swali limepanuka: mwili wa mwanamke Mwafrika umekuwa mfano wa kuchunguzwa na daktari, wa kuuzwa na mwanamitindo, na wa kulinganishwa na mwili mweupe, yote kwa wakati mmoja.

6. Jibu la soko na mipaka yake

Uhakiki haukupita bila majibu. Mwaka 2013 msanii Nickolay Lamm alitengeneza kielelezo cha mwanasesere kwa kufuata wastani wa vipimo vya mwanamke wa Marekani mwenye umri wa miaka 19. Mwaka 2014 alikigeuza kuwa bidhaa iitwayo Lammily kwa michango ya umma kupitia intaneti, akaongeza vibandiko vya chunusi, makovu na michirizi ya ngozi. Januari 2016 Mattel yenyewe ilitoa maumbo matatu mapya ya Barbie, mrefu, mfupi na mnene kidogo, pamoja na rangi 7 za ngozi.

Hatua hizi zina manufaa. Mwaka 2006 Helga Dittmar na wenzake nchini Uingereza walichapisha utafiti uliohusu wasichana 162 wa miaka 5 hadi 8. Walioonyeshwa picha za Barbie waliridhika kidogo na miili yao na walitamani wembamba zaidi kuliko walioonyeshwa mwanasesere mnene au wasioonyeshwa mwanasesere yeyote. Athari hiyo ya papo hapo haikuonekana kwa wasichana wakubwa zaidi katika kundi hilo. Watafiti walieleza kwamba huenda kwao kigezo kilikuwa kimeshaingia ndani. Kwa hiyo umbo la mwanasesere linahusika, na linahusika mapema.

Hata hivyo, mfano wa Nigeria unaonyesha mipaka ya jibu hilo. Taofick Okoya alianzisha wanasesere weusi waitwao Queens of Africa mwaka 2007, kwa lengo la kuwapa wasichana wa Kiafrika mfano wa kujivunia. Wanasesere hao wana ngozi nyeusi na mavazi ya makabila ya Nigeria, lakini ni wembamba. Okoya alieleza kwamba vielelezo vyake vya mwanzo vilikuwa na miili minene zaidi na watoto hawakuvipenda. Rangi iliweza kubadilishwa. Kigezo cha umbo kilikuwa kimeshafika kabla yake.

Hapa ndipo tofauti kati ya bidhaa mpya na kazi ya sanaa inapoonekana. Bidhaa mpya huongeza vigezo. Kazi ya sanaa huuliza kigezo kinatoka wapi, kwa faida ya nani. Mwanasesere wa wastani wa Lammily bado ni kipimo, na mwanamke asiyelingana na wastani huo atajikuta nje yake pia. Vichwa vilivyomo ndani ya chungu cha Forsythe havimpi mtazamaji umbo lolote la kufuata.

7. Maana yake kwa sera za ukanda

Nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwemo Kenya, Rwanda na Tanzania, zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vinavyotumika kujichubua. Marufuku hizo ni za lazima kwa afya ya umma. Lakini zinaishughulikia kemikali, haziigusi hamu inayomfanya mwanamke aitafute. Mkorogo ukikamatwa dukani, kigezo kilichouuza kinabaki kwenye bango lililo juu ya duka hilohilo, na mteja atautafuta kwingine. Kutokana na uchanganuzi uliotangulia, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kuhusu istilahi: Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya kitaifa yasanifishe vigezo vya urembo katika nyaraka za elimu, afya na jinsia, badala ya viwango vya urembo. Inafaa pia kutofautisha mwanasesere wa kitoto na mwanasesere wa mwanamke mzima, kwa kuwa athari zao kwa mtoto si moja.

Pili, kuhusu elimu: walimu wa shule za msingi na sekondari wanaweza kuitumia mbinu ya ugenishaji kwa gharama ndogo. Wanafunzi wakipewa mwanasesere wa dukani na utepe wa kupimia, wakapima kimo, kiuno na shingo yake, kisha wakavizidisha vipimo hivyo hadi kimo cha mama zao, watapata kwa hesabu yao wenyewe mwili usioweza kuwapo. Somo hilo ni la hisabati, sanaa na stadi za maisha kwa pamoja. Utengenezaji wa wanasesere wa magunzi na matambara nao ufundishwe kama ubunifu, wala usionekane kuwa dalili ya umaskini.

Tatu, kuhusu vipodozi: kila kampeni dhidi ya kemikali zenye sumu iambatane na mjadala kuhusu picha zinazoziuza, na wasanii washirikishwe tangu hatua ya kupanga.

Nne, kuhusu sheria: sheria za hakimiliki na alama za biashara zipitiwe ili zimlinde waziwazi msanii anayetumia bidhaa kwa lengo la kuihakiki. Forsythe alishinda kwa sababu sheria ya nchi yake ilikuwa na mlango huo, na kwa sababu alipata mawakili wa kumtetea kwa miaka. Filamu ya Haynes, iliyotumia nyimbo bila idhini, haikupata mlango, na hadhira rasmi imeikosa tangu mwaka 1990.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba sanaa ya wanasesere inahakiki vigezo vya urembo kwa kukishika kigezo chenyewe na kukibadilisha jambo moja: kukikata, kukichonga, kukipa sauti nyingine, kukihamisha jikoni au kukifuta rangi. Kila badiliko linathibitisha kwamba umbo lililoonekana kuwa la asili lilikuwa uamuzi wa mtu fulani, mahali fulani, kwa sababu za biashara. Kilichoamuliwa na watu kinaweza kuamuliwa upya na watu.

Kiswahili kina msamiati wa kuuendeleza mjadala huu bila kukopa. Kinalo bandia, neno lililomtaja mwanasesere kabla ya kuzoeleka kama jina la kila kisicho halisi. Kinalo kigezo, ambalo ndani yake mna kitendo cha kuiga. Kinalo mwanasesere, linalomkumbusha msemaji kwamba mchezo huu ulianza na mtoto wa kubebwa mgongoni, na kwamba aliyembeba hakuwa na wasiwasi juu ya mwili wake mwenyewe.